Kifaa cha Kufuatilia Foklifti: Kinaona Mengi, Hakimharakishi Mtu

Kwa karibu mwaka mzima ghala ninalolisimamia limetumia huduma ya kufuatilia foklifti (mashine za kuinua na kuhamisha mizigo), yaani kisanduku kidogo kinachofungwa ndani ya kila mashine, pamoja na programu inayopokea taarifa zake na kuzipanga kwenye skrini ya ofisini. Aliyetuuzia alituahidi kwamba maopareta wangeongeza kasi mara tu wakijua kuwa wanapimwa. Kasi hiyo sikuiona. Hata hivyo, kazi inayokamilika katika kila zamu imeongezeka, na sababu yake haikuwamo katika maelezo ya muuzaji.

Utendaji wa kifaa chenyewe si mgumu kuuelewa. Opareta hugusisha kadi yake, skrini humletea maswali ya ukaguzi wa kabla ya kazi kuhusu breki, usukani, honi, minyororo ya mlingoti (nguzo ya mbele ambayo uma hupandia), uma wenyewe (vyuma viwili vinavyobeba mzigo), magurudumu na uvujaji wa mafuta ya haidroli, na mashine haiwaki mpaka ayajibu yote. Tangu hapo kisanduku huhesabu saa za aina tatu: saa ambazo opareta amejisajili kwenye mashine, saa ambazo mashine inatembea, na saa ambazo uma unapandishwa au kushushwa. Kuna pia kitambuzi cha mishtuko, ambacho hupeleka taarifa mashine inapogonga kitu. Ufungaji ulihitaji fundi anayejua anachokifanya, kwa kuwa foklifti za betri hazitumii volti zilezile. Zipo za 24, za 48 na hata za 80. Fundi aliyetumwa kwetu alikuwa makini, na sina malalamiko juu yake.

Thamani ya kifaa hiki, kwa maoni yangu, imo katika pengo kati ya saa ya kwanza na hizo mbili nyingine. Pengo hilo ni muda ambao mtu amekaa kitini, mashine inawaka, na hakuna paleti (jukwaa la kupangia mzigo) inayosogea. Ripoti za mwanzo zilimtaja opareta wetu mmoja wa zamu ya asubuhi kuwa ndiye anayesimama kuliko wote, na nakiri kwamba nilikuwa tayari nimeanza kuandaa maneno ya kumwambia. Kabla ya kumwita nilikwenda kusimama kwenye mlango wa kupakulia anaohudumia. Lori lilikuwa limefika, opareta yupo, njia i wazi, lakini karani alikuwa bado analinganisha hati za mzigo na hesabu iliyomo kwenye kompyuta, na hakuna paleti iliyoruhusiwa kushuka mpaka amalize. Tulipoamua kwamba hati zihakikiwe kabla lori halijaegeshwa mlangoni, kusimama kwa opareta yule kulipungua ndani ya juma lilelile, ingawa yeye hakubadilisha chochote.

Upande wa pili wa ripoti hizo ulinishangaza zaidi. Opareta aliyeonekana hodari, kwa kuwa mashine yake ilitembea karibu zamu nzima, alikuwa akipeleka paleti kwenye rafu za mbali na kurudi na uma mtupu, kisha mwenzake akifuata njia ileile na uma mtupu kwenda kuchukua paleti nyingine ya kutoka. Kifaa hakikutambua kasoro yoyote hapo, kwa sababu kwake kutembea ni kutembea, awe amebeba au hajabeba. Tuliligundua hilo kwa kulinganisha ripoti zake na orodha ya kazi za ghala. Sasa kazi ya kuweka na kazi ya kutoa hupangwa kwa jozi, ili anayeingia na paleti atoke na nyingine iliyo jirani.

Saa za kupandisha uma nazo zilituelekeza kwenye mpangilio wa bidhaa. Paleti iliyo kwenye ngazi ya juu ya rafu hula muda mwingi kuliko umbali wake unavyoonyesha, kwa kuwa opareta lazima asimame, apandishe mlingoti, anyooshe uma akiwa anatazama juu, aingize taratibu, avute, kisha ashushe mzigo kabla ya kuondoka, maana kukata kona huku mzigo ukiwa juu ni kukaribisha kupinduka. Bidhaa zinazotoka kila siku tulikuwa tumeziweka juu kwa sababu tu nafasi za juu zilikuwa tupu siku zilipowasili. Kuzishusha kwenye ngazi za chini, karibu na mlango wa kutolea, kulitugharimu siku mbili za usumbufu, na sijawahi kuzijutia.

Kuhusu betri, programu inaonyesha kiwango cha chaji cha kila mashine, na hapo inasaidia kwa kiasi tu. Betri za risasi na asidi huhitaji takriban saa 8 za kuchajiwa na muda mrefu wa kupoa, na hazipendi kushushwa chini ya asilimia 20 wala kuchomekwa kidogokidogo wakati wa mapumziko, jambo ambalo betri za lithiamu hulivumilia vizuri. Programu ilitoa onyo lilelile kwa aina zote mbili, na ilitubidi tuombe irekebishwe.

Kasoro nyingine ni za kuudhi zaidi. Kitambuzi cha mishtuko kilipokuja kikiwa na mpangilio wa kiwandani kilihesabu kila kiungo cha sakafu na kila bamba la kuvukia kwenye lori kuwa ni ajali, na kwa siku kadhaa hakuna aliyeziamini tahadhari zake. Kila mashine inapaswa kuwekewa kiwango chake, kulingana na uzito wake na sakafu inayopita, na kazi hiyo muuzaji alituachia sisi. Maswali ya ukaguzi nayo yalikuwa yakijibiwa kwa kubofya “ndiyo” mfululizo bila kushuka kitini, mpaka tulipowasha chaguo la kubadilisha mpangilio wa maswali na kuanza kutazama muda uliotumika kuyajibu. Katikati ya rafu za chuma mawimbi hupotea, ingawa kisanduku huhifadhi taarifa na kuzituma baadaye.

Kitu ambacho ningekiondoa kabisa ni jedwali la kuwapanga maopareta kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Linamlinganisha anayeendesha mashine ya njia nyembamba na anayepakia malori nje, kana kwamba wanafanya kazi moja, na halijui kama mzigo ulikuwa mwepesi au ulikaribia kikomo kilichoandikwa kwenye kibao cha uwezo wa mashine. Wiki mbili za kulitundika ukutani zilituletea nguzo ya rafu iliyopinda na maopareta wanaogombea kazi fupi. Taarifa za mishtuko, kwa upande mwingine, zina manufaa zikitumika kumpa mtu mafunzo ya marudio. Kanuni za Marekani, kwa mfano, hutaka mafunzo hayo opareta anapopata ajali au kuikosa kidogo tu, mbali na tathmini ya kila miaka 3.

Mwenye foklifti mbili au tatu hahitaji huduma hii, kwani daftari na saa ya mkononi vitamwonyesha mengi ya niliyoyaeleza. Mwenye mashine nyingi na zamu zaidi ya moja atafaidika, mradi aulize kabla ya kutia saini kama taarifa zinaweza kupakuliwa na kuunganishwa na programu yake ya ghala, kwa sababu zikiwa peke yake zinaeleza nusu tu ya habari. Sisi mkataba tumeuhuisha. Ukurasa wa jedwali la maopareta tumeomba ufungwe.