Makoti ya baridi Kongowea: yanamfaa anayekwenda kusoma ng'ambo?

Kijana wa Mombasa akipata chuo Kanada, Uturuki au Uingereza kisha akaulizia koti la baridi, ataambiwa aende soko la mitumba la Kongowea. Ushauri huo ni sahihi kwa makoti. Kwa viatu, hapana.

Mtu wa Pwani koti zito la nini? Ndiyo maana makoti hulala chini ya rundo la sweta, na bei yake hulegea upesi ukijua kubembeleza. Nenda asubuhi. Kujaribu koti saa saba mchana, na lile fukuto, ni adhabu: utalivua kabla hujajua linakubana wapi. Lijaribu ukiwa umevaa sweta, kwani kule ndivyo litakavyovaliwa.

Soma lebo ya ndani. Ikiandikwa "down", ndani mna manyoya laini ya bata, mepesi na yenye joto kuliko poliesta. Kasoro yake ni maji: yakilowa hushikana na joto likaisha. Kwa baridi kavu ya Edmonton au Winnipeg, kule Kanada, chukua manyoya. Kwa Manchester, ambako mvua ni nyingi kuliko theluji, poliesta yenye kitambaa cha kuzuia maji itakufaa zaidi. Likunje koti ngumini, hesabu hadi kumi, uliachie. Lililo zima hufura lenyewe. Lililofuliwa vibaya hubaki na mabonge, na kati ya bonge na bonge ndimo baridi hupenya.

Koti la mvua ligeuze ndani nje. Utando ukibambuka au kunata vidoleni, lirudishe, maana umeshaoza na hakuna fundi wa kuutengeneza. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu. Ikiwa kichwa kinapita na meno yanabaki wazi, mara nyingi fundi hubadilisha kichwa tu, nawe una sababu ya kuomba upunguziwe. Meno yaking'oka ni zipu nzima.

Kwa avaaye buibui, koti refu ndilo, lakini liwe na zipu inayofunguka pia kutoka chini. Bila hiyo, kupanda ngazi za basi ni kuruka kama chura. Kofia nayo ijaribiwe juu ya mtandio. Ikiwa finyu, upepo wa kwanza utairudisha mgongoni.

Usihangaikie koti la kutisha kwa unene. Madarasa na mabweni kule hupashwa joto, hivyo aliyevaa koti moja kubwa juu ya fulana hutoka jasho ndani na kutetemeka nje. Fulana ya kubana, sweta ya sufu, kisha koti: akiingia ndani anavua moja moja. Nyumba nyingi za Kanada viatu pia huachwa mlangoni, adabu ambayo mtoto wa Mombasa hahitaji kufundishwa.

Sasa viatu. Buti nyingi za baridi zina soli ya poliyurethani, aina ya plastiki ambayo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewani hata kiatu kisipovaliwa, na joto huharakisha kazi hiyo. Juu ngozi inang'aa, chini soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Ibonyeze kwa ukucha na uikunje: ikipasuka au kutoa unga, iache. Hata ikipita jaribio hilo, umri wake huujui. Buti zinunuliwe huko huko. Anayefika Septemba kwa kawaida ana wiki kadhaa kabla ya baridi kali.

Usilipakie koti: sanduku la kilo 23 hujaa haraka, na koti la mkononi kwa kawaida halipimwi. Lifue wiki mbili kabla ya safari. La manyoya huchelewa kukauka kwa unyevu wetu, kwa hiyo ligeuze mara kwa mara kwenye kamba na kulipigapiga mabonge yaachane. Ukilikunja kabla halijakauka katikati, litafika Winnipeg na ukungu.