"Kaka, hiyo bendi ndivyo inavyolia"

Hela si kitu. Kilichonichemsha ni hiyo sentensi hapo juu, niliyoambiwa na muuzaji baada ya kumlalamikia kuhusu santuri ya The Rip Tide ya Beirut. Tangazo lake lilisema haijawahi kupigwa. Bei nayo ilikuwa ya kitu kipya.

Kwa asiyewajua, hawa si Walebanoni, mji wameazima jina tu. Ni bendi ya Kimarekani ya Zach Condon, mtu wa Santa Fe, New Mexico: tarumbeta, tromboni, kodiani, ukulele, na sauti yake nzito ya kulalamika juu ya ala hizo.

Nyimbo mbili za mwanzo, safi. Kadiri sindano inavyoingia ndani, mkwaruzo unaanza, kama spika ya harusi iliyopasuka. Condon akiimba peke yake hakuna neno. Tarumbeta zikiingia kwa pamoja, krrrr. Zikinyamaza, safi tena.

Anayeuza santuri anatakiwa ajue maana yake. Vumbi hulia ta-ta-ta bila kujali nani anaimba. Mkwaruzo unaoandama tarumbeta peke yake mara nyingi ni mifereji iliyolika, ile mistari ya santuri ambamo sindano hupita. Tarumbeta ina sauti kali za juu, kwa hiyo mfereji wake umejaa kona kali zilizobanana. Sindano iliyochakaa, au iliyoongezewa uzito na mtu asiyejua, haizifuati kona hizo, inazichonga. Ikishachonga, imekwisha, hakuna sabuni ya kurudisha plastiki. Na madhara huonekana zaidi kuelekea katikati. Kwenye mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 50 hivi kwa sekunde. Karibu na karatasi ya katikati ni kama 21. Sauti ileile imebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu.

Akanijibu eti santuri zote hukwaruza mwishoni. Zote zipi? Zile zilizoshindiliwa dakika 25 kwa upande, sawa, nitamwelewa. Hii ina nyimbo 9, dakika 33 hivi kwa pande zote mbili! Fundi anayechonga mifereji ana nafasi ya kumwaga.

Halafu, kama nilivyotarajia, likaja la "angalia mashine yako". Haya, kwa yeyote atakayeambiwa hivyo: pima kwa kimizani uzito ambao sindano inaikandamizia santuri, usiamini namba za kwenye mkono wa mashine. Sindano nyingi za kawaida zinataka kati ya gramu 1.8 na 2. Ukipunguza mno, sindano inarukaruka kwenye kona na mkwaruzo unakuwa uleule, kwa hiyo usikimbilie kupunguza. Safisha sindano kwa brashi, kutoka nyuma kuja mbele. Osha santuri kwa maji yaliyokenekwa yenye tone moja la sabuni ya vyombo, ukifuata mifereji na kamwe usiikatishe kwa kupangusa, suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, iache ikauke nusu saa. Kisha weka santuri nyingine yenye tarumbeta nyingi na usikilize sehemu ileile ya ndani. Ya pili ikilia safi, mashine haina kosa. Yangu ya pili ililia safi.

Ukitaka ushahidi usiohitaji hata umeme, itazame chini ya taa moja, kandokando ya tundu la katikati. Vistari vya kijivu vilivyozungukazunguka hapo ni vya mtu aliyekuwa akilitafuta tundu kwa kupapasa, mara nyingi. Haijawahi kupigwa!

Ila nimtendee haki, ingawa hastahili. Angekuwa ameniuzia Gulag Orkestar ya 2006, ningenyamaza. Ile Condon aliirekodi kwa sehemu kubwa mwenyewe, kijana mdogo, akipanga tarumbeta moja juu ya nyingine mpaka zikawa kundi zima, na imechakaa kwa makusudi au kwa umaskini, vyovyote utakavyo. Hata March of the Zapotec ya 2009, na wale wapiga tarumbeta wa kijiji cha Teotitlán del Valle kule Oaxaca, ina vumbi lake tamu. Kwa hiyo "ndivyo inavyolia" ni jibu la mtu aliyewahi kusikia albamu moja. The Rip Tide ya 2011, aliyoitoa kwa lebo yake mwenyewe, Pompeii, ni kinyume kabisa: ameondoa msongamano, kila ala inapumua. Ndiyo sababu hata kiroboto angesikika.

Nilikaa kuandika nikiwa na nyota moja mkononi. Nikaurudia wimbo wa Goshen wa albamu hii ili niwe na hakika. Unaanza na piano na sauti, taratibu, na kwa muda nikajiuliza kama kweli santuri ni mbaya kiasi hicho, labda nyota tatu, muziki huu unavumilia mengi. Kisha tarumbeta zikaingia.

Nyota mbili. Moja ya Condon, moja ya mfuko wa ndani wa kuzuia vumbi, ambao kweli ulikuwa mpya.