Nilisonywa kwenye kituo cha viza kwa sababu ya vidole vyangu

Naandika haya kwa ajili ya manesi wenzangu mnaojiandaa kwenda Uingereza, hasa nyie mnaodhani ukishafaulu Kiingereza basi kazi imekwisha. Kiingereza nilifaulu, alama 7 wanazotaka kwenye mtihani wa IELTS nilizipata, na kwenye kuandika nilivuka ile 6.5. Mtihani wa uuguzi wa kwenye kompyuta nao nikaupita. Kilichokaribia kunikwamisha ni kioo cha kuchukulia alama za vidole, kidogo kama kiganja, pamoja na kijana aliyekaa nyuma yake.

Habari za fomu na ada sitaziandika, ziko kwenye tovuti ya serikali yao na hubadilika kila mara. Elewa tu nilikotoka. Cheti cha kuonyesha huna kifua kikuu kinadumu miezi 6. Hati ya udhamini ya mwajiri lazima uitumie ndani ya miezi 3. Kuvibana vyote viwili kwenye ombi moja vikiwa bado hai kulininyima usingizi wiki nyingi. Polisi nao nilikwenda kuomba cheti cha tabia njema, wakanipaka wino vidoleni, nikagandamiza kwenye karatasi, nikanawa, nikaondoka. Hakuna aliyenisemesha vibaya. Kwa hiyo kituo cha viza nilikihesabu kama kazi ya nusu saa.

Nilitoka Moshi siku moja kabla, nikashukia stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, nikalala kwa binamu yangu Kimara. Asubuhi nikapanda mwendokasi na bahasha yangu kifuani. Ilikuwa Jumanne au Jumatano, sikumbuki vizuri. Nakumbuka jasho.

Ndani pazuri, hilo siwezi kuwanyima. Pasafi, walinzi wana adabu, na muda wa miadi waliuheshimu. Nikaitwa dirishani. Kijana hajaitikia salamu yangu. “Vinne vya kulia.” Nikaweka. Kwenye kioo chake cha kompyuta, upande niliouona, vikatokea vivuli vinne vimefifia kama vimefutwa na kifutio. Rangi nyekundu. “Toa. Weka tena. Bonyeza.” Nyekundu. Akanipa karatasi laini nifute vidole, nikafuta, ikawa vibaya zaidi. Mara ya nne au ya tano akaegemea kiti, akanisonya. Msonyo mrefu, wa wazi. Kisha akasema kwa sauti ambayo benchi zima nyuma yangu lilisikia: “Dada, hii mikono ya kufulia nguo za watu. Huko unaenda kufanya kazi gani?”

Fomu ilikuwa mbele yake. Imeandikwa muuguzi.

Mimi nipo wodi ya wazazi. Shirika la Afya Duniani limetupangia nyakati 5 za kusafisha mikono kwa kila mgonjwa: kabla ya kumgusa, kabla ya kazi isiyotaka vijidudu, baada ya kugusa damu au majimaji yake, baada ya kumgusa yeye, baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Zidisha kwa akina mama wa zamu moja. Zidisha kwa miaka. Weka juu yake spiriti, weka klorini, weka sabuni ngumu tunayopewa ile nzuri inapoisha. Ngozi inakauka, mistari ya vidole inalika. Vidole vyangu vimefutika kwa sababu sikutaka mtoto mchanga wa mtu apate maambukizi kutoka kwangu. Hiyo ndiyo kazi ninayoendea huko, na hiyo ndiyo aliyoisonya.

Na hata kama ningekuwa nafua nguo za watu! Mama yangu mdogo amefua Muscat miaka mingi na amesomesha wanawe wote kwa mikono hiyo. Kosa lake liko wapi?

Nikamwambia mimi ni nesi. Akajibu bila kunitazama kwamba mashine haijui nesi, nikapange miadi nyingine. Miadi nyingine ya lini? Mwajiri ameshapanga kundi la manesi watakaoanza pamoja maandalizi ya mtihani wa vitendo, ruhusa kazini nimeombea siku mbili, nauli nimekopa. Nilisimama pale nimeshika bahasha, machozi yananilenga, na nikajichukia kwa kutokuwa na la kumjibu.

Dirisha la pili alikuwepo mama mmoja wa makamo. Alikuwa anahudumia mtu mwingine, alipomaliza akaniita, “Njoo huku mwanangu.” Akavishika vidole vyangu, akavigeuza kwenye mwanga kama anayekagua mchele. “Mkavu tu huu.” Akatoa kopo la mafuta ya mgando kwenye mkoba wake mwenyewe, akaniambia nipake kidogo sana, nisugue viganja mpaka vipate joto, nisubiri kidogo, nifute yaliyozidi. Kisha akabonyeza kidole kimoja kimoja kwa juu, taratibu, huku akinipa pole. Vinne vya kulia, kijani. Vinne vya kushoto vikagoma mara ya kwanza, kisha vikakubali. Dole gumba mbili, kijani. Dakika kumi, labda hazikufika.

Kwa hiyo mashine haikuwa na tatizo. Wala mimi. Dawa ni mafuta ya shilingi chache, na yule kijana kwa vyovyote anaiona mikono kama yangu kila wiki: ya wakulima, ya mafundi ujenzi, ya wazee. Mama yangu mzazi, mkulima, alisumbuliwa hivihivi wakati wa kitambulisho cha taifa, cha NIDA, lakini angalau pale walimwita mama.

Viza ilitoka, tena mapema kuliko nilivyotegemea. Ndiyo maana siku ile nilipopata majibu nilikuwa tayari kusamehe yote na kuwaambia nendeni, huduma ni nzuri. Leo nikiikumbuka ile sauti, siwezi. Kwenye karatasi Uingereza inatuheshimu watu wa afya, wengine wanalipa pauni 1,035 kwa mwaka kwa ajili ya huduma ya afya na sisi tumesamehewa. Halafu mlangoni kabisa anawekwa mtu wa kukusonya. Na huwezi kusema utakwenda duka la jirani. Ukitaka viza unarudi palepale.

Nyie mnaokwenda: wiki mbili kabla, kila usiku paka mafuta mengi, lala na glovu za pamba. Kazini ukiweza omba zamu isiyo na klorini. Asubuhi ya miadi usipake spiriti kabisa. Wakikwambia upange miadi nyingine, usiondoke, omba mtu mwingine ajaribu. Omba kwa upole, lakini omba.

Walinitumia ujumbe wa kuuliza nimeridhika kiasi gani, kuanzia 1 mpaka 5. Siku ya kwanza niliandika 1 bila kufikiri, nikaufunga kabla ya kutuma. Viza ilipotoka nikabadilisha ikawa 4, kwa ajili ya yule mama, sikutuma pia. Nimemaliza kuandika haya nimeweka 2 na nimetuma. Kwenye nafasi ya maoni nimewaomba waweke kopo la mafuta kwenye kila dirisha, na wamlipe yule mama la kwake.