Jiko la kuni lina kilango kimoja cha hewa, nyumba ina watu wawili

Huu ni msimu wa tatu wa baridi tunaota moto wa jiko hili, na nimengoja makusudi. Anayeandika wiki ya kwanza husifia rangi. Mimi nataka kueleza habari za kuishi nalo, na kwangu kuishi nalo ni kuishi nalo pamoja na mume wangu, kwa hiyo mnivumilie nikichanganya mambo mawili. Nimejaribu kuyatenganisha, hayatengani.

Chombo chenyewe ni bamba nene la chuma, mlango wa chuma cha kusubu wenye kioo kipana, nguvu ya kilowati 7, bomba la kipenyo cha milimita 150, na tumbo linalomeza magogo ya sentimita 33, si zaidi. Uzito wake ni kilo 128. Siku ya kuliingiza ndani wanaume watatu walibeba na wa nne alitoa maelekezo. Huyo wa nne ndiye nitakayemzungumzia.

Kasoro kubwa kuliko zote niiseme mapema. Chini ya mlango kuna kishikio kimoja, kirefu kama kidole cha shahada, kinachosogea kushoto na kulia. Hicho ndicho kinachopunguza na kuongeza hewa, yaani ndicho kinachoamua kila kitu. Na hakina alama. Hakuna mshale, hakuna namba, hakuna hata kijimwali cha moto kilichochorwa. Kijitabu cha maelekezo kinasema "sogeza upande wa kufungulia". Asanteni sana. Wiki ya kwanza nilikwaruza kwa msumari mstari mdogo pale ambapo moto unawaka vizuri. Wiki ya pili nikakuta nukta nyeupe ya rangi, sentimita mbili kushoto kwa mstari wangu. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Mpaka leo mstari upo, nukta ipo, na kishikio hutembea kati yake kutwa nzima kama mtoto wa wazazi walioachana.

Chukueni Jumamosi iliyopita. Theluji ilikuwa imepanda usiku hadi kizingitini, na kipimajoto cha dirishani kilisoma nyuzi 14 chini ya sifuri. Mwenzangu aliamka kabla yangu, jambo ambalo si dalili njema. Nilipoteremka, sebule ilikuwa ya kijivu. Moshi ulikuwa unafuka kila upenyo wa jiko, naye amepiga magoti mbele yake anapuliza, machozi yanamtiririka.

"Hili jiko bovu," akasema bila kugeuka. "Nilisema tangu dukani."

"Baba, na hiyo feni ya jikoni inafanya nini?"

"Inatoa moshi."

Mnaofikiria kununua, hapa tegeni sikio, maana hili litawapata hata mkiwa na wenza watulivu. Nyumba iliyozibwa vizuri dhidi ya baridi ni kama chupa. Feni ikitoa hewa, hewa nyingine lazima iingie kwa kupitia mahali fulani, na njia iliyo wazi kuliko zote ni dohani. Feni ile haikuwa ikiutoa moshi, ilikuwa ikiuita. Tena dohani ilikuwa imelala bila moto usiku kucha, na hewa ya baridi ni nzito, hukaa ndani ya bomba kama kizibo. Dawa yake ni kuzima feni, kufungua dirisha upana wa kiganja, kukunja karatasi ya gazeti, kuiwasha na kuishika ndani, juu kabisa, karibu na tundu la bomba, mpaka usikie mvumo. Ukisikia mvumo, bomba limeamka. Nikafanya hivyo. Yeye akasema dirisha ndilo litakalotuua.

King'ora cha kaboni monoksidi hakikulia siku hiyo, lakini kipo na betri zake ni nzima, na ni jambo pekee la jiko hili ambalo sisi wawili hatujawahi kulibishania. Gesi hiyo ya sumu haina rangi wala harufu. Kama huna king'ora, usiwashe.

Kuwasha ndio ugomvi wetu wa zamani zaidi. Yeye hupanga kama alivyozoea kuona: karatasi chini, vibanzi juu yake, halafu anabwaga gogo kubwa na kulifukiza. Mimi hupanga kinyume. Magogo mawili manene yanalala chini, membamba mawili yanakingama juu yake, kisha vibanzi kama unasuka kiota, na moto unawashwa juu kabisa. Alisimama nyuma yangu amekunja mikono.

"Moto hupanda, haushuki. Hata mtoto anajua."

Sikumjibu, kwa sababu kioo hujibu chenyewe. Kwanza kiota kilishika, mwali wa njano usiozidi kiganja. Vibanzi vikaanza kudondosha makaa madogo kwenye migongo ya magogo membamba, moja hapa, moja pale, na kila kaa lilipotua palitokea doa jeusi, kisha uzi wa moshi mweupe, kisha ule uzi ukapita kwenye mwali wa juu na ukatoweka. Hapo ndipo penye siri. Moshi wa kuni ni gesi inayoweza kuungua, na sehemu kubwa ya joto la kuni imo humo. Moto ukiwa juu, gesi ya magogo ya chini inalazimika kupita ndani ya mwali, na inaungua badala ya kukimbilia dohani. Baada ya dakika ishirini magogo yote yalikuwa yameshika, kioo safi kama cha dirisha. Nilitoka nje na makoti juu ya nguo za kulalia kuitazama dohani: juu yake hewa ilikuwa ikicheza tu, moshi hakuna. Nilimwita aje aone. Akasema ameshaona dohani.

Nilipokuwa nje, kishikio kilihamia kwenye nukta nyeupe.

Sasa nimtendee haki. Mume wangu si mvivu wala si mchoyo wa kawaida. Yeye ni mtu wa hesabu. Ana daftari la magogo. Kila gogo linaloingia ndani analipigia mstari, na jioni anajumlisha. Kichwani mwake, hewa kidogo ni moto wa polepole, moto wa polepole ni gogo linalodumu, gogo linalodumu ni mstari mmoja umeokolewa. Inasikika kama akili. Ila jiko halikubaliani naye: ukilinyima hewa, gesi ile inatoka haijaungua, inapanda bombani, inakutana na baridi na kuganda ukutani ikawa masizi yanayong'aa kama lami. Umehifadhi gogo kwenye dohani. Na lami hiyo ikishika moto, dohani yenyewe inaungua, na hapo daftari halitasaidia. Bombani tumebandika kipimajoto cha sumaku chenye alama ya kazi njema kati ya nyuzi 115 na 245. Kwenye mstari wangu kinasoma 190. Kwenye nukta yake kinashuka chini ya 110 na kioo kinaanza kuingia rangi ya kahawia kutoka pembeni, kama karatasi iliyomwagikiwa maji.

Fundi anayetusafishia dohani kila mwaka alitoa ndoo nzima ya magamba meusi msimu uliopita. Akauliza nani kati yetu hufunga hewa. Tulinyoosheana vidole kwa wakati mmoja.

Na kunyoosheana huko kulikuwa na sababu, maana mimi nami nina yangu. Msimu wa kwanza niliacha kishikio wazi kabisa, nikapokea simu ya dada yangu, na dada yangu hana simu fupi. Niliporudi, kipimajoto kilikuwa kimepita 300 na bomba linatoa sauti ya tik, tik, tik. Bamba la chuma lililo ndani, juu ya moto, ambalo kazi yake ni kuurudisha mwali nyuma kabla haujaingia bombani, lilipinda katikati kama tandiko la punda. Linafanya kazi bado. Lakini kila mgeni akija huonyeshwa. "Mama alikuwa anaongea na simu," mume wangu anasema, huku akiinama kumulika kwa tochi.

Mchana Jumamosi tuligombania kuni. Vuli iliyopita alileta rundo la mwaloni kwa bei ya kutupa, muuzaji kamwambia ni kavu, imekaa mwaka mzima. Mwaloni huhitaji miaka miwili baada ya kupasuliwa, mwaka hautoshi. Yeye alichomeka kipima unyevu ubavuni mwa gogo, kikasoma 17, akanionyesha kwa ushindi. Nikachukua shoka, nikalipasua gogo lilelile, nikachomeka kwenye uso mpya wa ndani: 31. Kuni ya jiko inatakiwa iwe chini ya asilimia 20, na hupimwa hapo kwenye uso uliopasuliwa sasa hivi; nje hukauka na upepo wa jana. Hata hivyo gogo liliingia ndani ya jiko, kwa sababu lilikuwa limeshaandikwa daftarini. Tukakaa kulitazama. Lilipiga mluzi. Kwenye ncha yake likatokea povu, likachemka, likatiririka kidogo na kukauka. Moto wote uliokuwa ukitupa joto ulikuwa sasa unachemsha maji yaliyo ndani ya mti. Sebule ilipoa nyuzi mbili tukiwa tumekaa hapohapo, mabega yanakaribia kugusana, kila mmoja anasubiri mwenzake avae sweta kwanza.

Nilivaa mimi. Niandike hivyo, atasoma.

Mambo mengine ya jiko nitayapita haraka kwa sababu ni mazuri. Kamba inayoziba kingo za mlango haijalegea: bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, kivute, kikigoma kutoka, kamba nzima. Vigae vyepesi vya ndani vimepasuka viwili, lakini hilo si kosa la jiko, ni kosa la mtu anayerusha magogo badala ya kuyaweka, na kigae kilichopasuka kikibaki mahali pake hakina madhara. Sinia la majivu ni kubwa vya kutosha. Msilikombe jiko likabaki tupu kabisa, acheni tabaka la sentimita mbili au tatu, moto hupenda kulala juu yake. Majivu yatokayo yaingie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta, maana kaa hukaa hai humo siku kadhaa. Rangi ilinuka mara tatu za mwanzo tu. Juu pana nafasi ya birika moja, nalo huimba.

Kioo nacho kina ugomvi wake. Mimi hukifuta kwa gazeti lenye unyevu nililochovya kwenye majivu laini, jiko likiwa limepoa. Sekunde thelathini, masizi yote kwisha. Mume wangu huuita huo uchawi wa bibi zetu, na amenunua chupa ya dawa ya kupuliza yenye picha ya kioo kinachometameta. Chupa hiyo hukaa rafuni karibu na daftari.

Jiko hili nalipa nyota nne. Joto ni la kweli, linaingia mpaka kwenye mifupa, na usiku umeme ulipokatika mwezi uliopita sisi ndio tuliolala bila kofia. Nyota ya tano nimeikata kwa ajili ya kishikio. Watengenezaji, tieni alama. Mstari mmoja tu, uliochongwa kiwandani, ambao hakuna mtu ndani ya nyumba anayeweza kuubishia.

Jumamosi hiyo usiku nilisema wazi kabla ya kupanda kulala: tusilijaze na kulifunga, tuliache lizime lenyewe. Akasema sawa. Kama saa nane nikasikia ngazi zinalia, mlango wa jiko ukafunguliwa, gogo likarushwa, kisha ile sauti ndogo ya chuma juu ya chuma, ikisogea muda mrefu kuelekea upande mmoja. Nililala.

Alfajiri niliteremka kwa soksi. Taa ndogo ilikuwa inawaka. Jiko lilikuwa limepoa, mlango wazi, kioo cheusi tititi isipokuwa kona moja ya juu. Yeye alikuwa amepiga magoti, gazeti lililolowa mkononi, vidole vimejaa majivu mpaka kwenye viungo, anafuta kwa mizunguko midogo midogo, taratibu, kama nifanyavyo mimi. Chupa ya dawa ilikuwa rafuni, kifuniko hakijafunguliwa. Kishikio kilikuwa tayari kimerudishwa kwenye mstari wa msumari.

Nikarudi juu ngazi tatu, nikakohoa kwa nguvu, nikasubiri amalize.