Soketi ya kauri ya H4: uzoefu wangu baada ya ile ya plastiki kuungua

Soketi yenyewe, ya balbu ya H4 (balbu ya miguu mitatu ya taa kubwa ya mbele ya gari), ni nzuri, lakini wengi wanaisifia kwa sababu isiyo sahihi. Kauri haizuii joto, inalivumilia tu. Plastiki huungua kwa sababu temino (vishikio vya chuma ndani ya soketi vinavyoshika miguu ya balbu) zimelegea. Balbu ya wati 55 kwenye volti 12 inavuta ampea 4.6 hivi, temino ikiwa na ukinzani wa omu 0.2 tu, unapoteza karibu volti 0.9, na wati 4 zinageuka joto palepale kwenye mguu wa balbu. Taa inafifia, soketi inakuwa kahawia, halafu inashikana na balbu.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kutazama miguu ya balbu. Ikiwa imeungua na kuwa myeusi, badilisha balbu pia, la sivyo itaharibu temino mpya ndani ya muda mfupi.

Waya za soketi niliyotumia ni za milimita 1.5 za mraba, zinatosha. Kagua kabla ya kununua, maana zipo zenye ganda nene na nyuzi chache za shaba ndani. Chomoa fyuzi, kisha kata na kuunga waya mmoja mmoja kwa kufuata nafasi yake kwenye soketi ya zamani. Usifuate rangi! Kata kurudi nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa, kwani iliyopauka haishiki risasi ya kulehemu wala kubanwa vizuri. Mimi nabana kwa kiungio cha shaba, kisha navisha mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi (uingize kwenye waya kabla ya kuunga, utanishukuru). Viungio vitatu visikae sambamba, vipishanishe. Kusokota na kuzungushia tepu ni kualika kutu ya kijani.

Kisha pima volti kwa mita, taa ikiwa inawaka: kutoka chanya ya betri hadi temino ya chanya nyuma ya soketi, halafu temino ya hasi hadi hasi ya betri. Upande wowote ukizidi volti 0.5, tatizo liko kwingine: relei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya kawaida au ethi ya bodi (muunganisho wa hasi kwenye mwili wa gari).

Kasoro yake: ni nene kuliko ya plastiki, hivyo kifuniko cha mpira nyuma ya taa hakikai sawasawa mpaka upanue tundu kidogo. Na kwa kuwa haiyeyuki, temino ikilegea hutaona dalili ya kuungua, kwa hiyo ichomoe na kuikagua kila unapobadilisha balbu.