Mini-Wright: je, inatosha kutenganisha pumu na COPD?

Mini-Wright ni bomba la plastiki la kupima kasi ya hewa unayopuliza, lenye mshale na kipimo cha lita kwa dakika. Haihitaji betri. Kwa kufuatilia pumu tunaipendekeza bila kusita, ila kuthibitisha COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, haiwezi, na anayeiuza kwa ahadi hiyo anampotosha mgonjwa.

Rudisha mshale chini, simama wima, vuta pumzi hadi mwisho, bana midomo vizuri kwenye mdomo wa kifaa, kisha puliza kwa nguvu na kwa ghafla. Rudia mara tatu, uandike namba kubwa kuliko zote, usitafute wastani. Kidole kikigusa mshale au ulimi ukiziba tundu, namba hushuka. Ukipuliza kama unayetema mate, hupanda kwa uongo.

Thamani yake iko kwenye mabadiliko. Pima asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kabla ya dawa. Asubuhi 300, jioni 380: tofauti ni 80, gawanya kwa wastani wa 340, unapata karibu asilimia 24. Wastani wa asilimia za siku zote ukizidi 10 kwa mtu mzima, pumu inapata ushahidi. Kliniki inaweza pia kumpa mgonjwa salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, mikrogramu 400, yaani mikupuo minne ya pampu ya kawaida, na kupima tena baada ya dakika 15. Kutoka 250 hadi 310 ni ongezeko la asilimia 24. Asilimia 20 au zaidi inaelekeza kwenye pumu.

Sasa mama aliyepikia kuni miaka thelathini, anakohoa kila siku na namba yake haitoki 180. Hapo kifaa kimefika mwisho. Kinapima kishindo cha mwanzo tu, hasa hewa ya njia kubwa, wakati COPD huharibu sana njia ndogo. Makovu ya kifua kikuu nayo huweza kushusha namba vilevile. Anahitaji spirometa, kifaa kinachopima kiasi cha hewa anayotoa: hewa ya sekunde ya kwanza igawanywe kwa hewa yote aliyotoa, baada ya salbutamol. Chini ya 0.70, pamoja na dalili na historia ya moshi au sigara, ndiyo COPD.

Ukinunua, chagua yenye kipimo cha 60 hadi 800 kwa watu wazima wengi. Ya 30 hadi 400 ni ya watoto na waliobanwa sana. Usibadilishe kifaa katikati ya ufuatiliaji, maana viwili hutofautiana kidogo hata vikiwa vipya.