SQLite kwa kujifunzia SQL: inafaa sana, lakini ibane tangu siku ya kwanza

Wengi wanaoanza SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, hukwama kabla ya kuandika SELECT ya kwanza, yaani amri ya kusoma data. Seva haiwaki, nenosiri linakataliwa, mipangilio ya mtandao inagoma. SQLite inakuondolea hayo yote kwa sababu haina seva. Hifadhidata nzima ni faili moja: andika `sqlite3 duka.db` kwenye dirisha la amri na uko kazini. Ukivuruga, futa faili uanze upya. Programu hii ya D. Richard Hipp ilitoka mara ya kwanza mwaka 2000, ni ya bure kabisa, na mwenye Python kwa kawaida tayari anayo kupitia `import sqlite3`.

Nimeitumia kujifunzia na kuwaelekezea wengine, na sioni pa kuanzia pazuri zaidi. Kasoro yake kubwa ni upole. Inapokea makosa ambayo PostgreSQL, hifadhidata kubwa yenye seva, ingeyakataa papo hapo, na mwanafunzi anaondoka akiamini ameelewa. Kwa hiyo ibane kwanza, ndipo uanze mazoezi.

Kizuizi cha kwanza ni funguo za kigeni, yaani safu zinazoelekeza kwenye mstari wa jedwali jingine. Kwa kawaida SQLite inasoma REFERENCES uliyoandika lakini haiisimamii, hivyo oda ya mteja namba 999 ambaye hayupo inaingia bila kelele. Washa usimamizi huo:

PRAGMA foreign_keys = ON;

Amri hii inadumu kwa muunganisho huo mmoja tu. Ukifunga na kufungua tena, imezimika. Iweke kwenye faili `.sqliterc` katika folda yako kuu, pamoja na `.headers on` na `.mode column`, nayo itatekelezwa kila unapofungua sqlite3. Ukitumia Python itabidi uiandike ndani ya programu yenyewe, kwa kuwa faili hilo halisomwi huko.

Cha pili ni aina za data. Bila kuibana, safu ya INTEGER itapokea maneno "kumi na mbili" na kuyahifadhi kama maandishi. Tengeneza majedwali yako hivi (hapa tunachukulia jedwali la wateja, lenye id na jina, lipo):

CREATE TABLE oda (id INTEGER PRIMARY KEY, mteja_id INTEGER NOT NULL REFERENCES wateja(id), kiasi INTEGER NOT NULL, tarehe TEXT NOT NULL) STRICT;

Neno STRICT lipo kuanzia toleo 3.37.0 la mwaka 2021, kwa hiyo angalia lako kwa `sqlite3 --version`. Ukilitumia, VARCHAR(50) na DATE zitakataliwa, na hilo lisikutishe: hata zinapokubaliwa, SQLite haiangalii ile 50. Kama urefu una maana, andika CHECK (length(jina) <= 50). Tarehe ziandike 2024-03-05, mwaka ukitangulia, ili zipangike sawasawa; ukiandika 5/3/2024 mpangilio utaharibika.

Alama za nukuu nazo zina mtego mbaya. Maandishi yanakaa ndani ya nukuu moja, 'imelipwa'. Nukuu mbili ni za majina ya safu. Lakini ukikosea jina la safu ndani ya nukuu mbili, SQLite inaweza kulichukua kama maandishi ya kawaida, hasa ndani ya Python au kwenye dirisha la sqlite3 la kabla ya toleo 3.41.0 la mwaka 2023. Hapo WHERE "hlai" = 'imelipwa', ulipotaka "hali", inarudisha majibu sifuri bila kosa lolote, nawe unaanza kuitilia shaka data.

GROUP BY, inayokusanya mistari katika makundi, ndipo upole huu unapodhuru zaidi. Ukiandika SELECT mteja_id, tarehe, SUM(kiasi) FROM oda GROUP BY mteja_id, utapata tarehe, lakini ni ya oda yoyote ile ya mteja huyo. Kila safu iliyo kwenye SELECT ama iwe kwenye GROUP BY, ama iwe ndani ya SUM, MAX, COUNT na wenzake.

Katika mazoezi yenyewe, zipe muda mwingi LEFT JOIN (kuunganisha majedwali ukibakiza mistari yote ya lile la kwanza) na NULL (thamani isiyojazwa), maana makosa yake hayatoi ujumbe wowote popote uendako. Tuseme unataka wateja wote na idadi ya oda zao za kuanzia 2024, wakiwemo wasioagiza kitu:

SELECT w.id, w.jina, COUNT(o.id) FROM wateja w LEFT JOIN oda o ON o.mteja_id = w.id AND o.tarehe >= '2024-01-01' GROUP BY w.id, w.jina;

Hamisha sharti la tarehe kutoka ON kwenda WHERE, na wasioagiza wanatoweka, kwa sababu tarehe yao ni NULL na kulinganisha NULL na chochote hakutoi kweli. Rudisha sharti kwenye ON, kisha badilisha COUNT(o.id) iwe COUNT(*), na wanarudi na 1 badala ya 0, kwa kuwa mstari wao mtupu nao umehesabiwa. Jaribu yote matatu ukitazama matokeo. Kwa sababu hiyohiyo, NOT IN yenye NULL hata moja ndani ya orodha yake hairudishi mstari wowote. Zoea NOT EXISTS.

Kuingiza CSV, faili la data iliyotenganishwa kwa mkato, ni rahisi: `.import --csv oda.csv oda_ghafi`. Kama jedwali lipo tayari, ongeza `--skip 1`, la sivyo vichwa vya safu vitaingia kama data. Nafasi tupu zinaingia kama maandishi matupu, si NULL, hivyo zisafishe kwa NULLIF(tarehe, '') kabla ya kuhesabu.

Kwa kasi, tanguliza EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya swali lako. SCAN maana yake inapitia jedwali zima. SEARCH maana yake imepata njia ya mkato, aghalabu faharasa (index), orodha iliyopangwa ya kutafutia mistari haraka. Ufunguo wa kigeni hautengenezewi faharasa wenyewe, kwa hiyo itengeneze juu ya mteja_id.

Kuna mambo SQLite haitakufundisha. Haina watumiaji wala ruhusa, hivyo GRANT haipo, na mwandishi ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukishazoea kuunganisha majedwali matatu bila kuchungulia mfano, sakinisha PostgreSQL na uyaendeshe humo maswali yako yote ya zamani. Yatakayokataliwa ndiyo ya kurudia.